Handaki Refu Kuliko Yote

Mimi kuaibika nimeaibika mara nyingi, hilo hata mke wangu atawaambia bila kuulizwa, lakini aibu ya handaki mpaka leo nikiikumbuka niko shambani peke yangu nasimamisha jembe na kuangalia huku na huku kama kuna mtu ameniona.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, nami nasomea useremala katika chuo kimoja cha maendeleo huko Biharamulo. Tuliagizwa kuchimba handaki la kujificha ndege za nduli zikija (hazikuja, ila udongo tulichimba kwelikweli), na mimi Masanja, kwa sababu ya urefu na mdomo, nikachaguliwa kiongozi wa kundi. Sasa wewe mpe Msukuma jembe, halafu umpe na cheo.

Kundini tulikuwa na Leokadia, msichana wa Mugoma aliyesomea ushonaji. Mguu wake mmoja ulipooza utotoni, alitembea kwa magongo mawili. Alipokelewa kwa majaribio ya miezi mitatu, eti waone kama atamudu kazi za mikono, na karatasi ya majibu alitakiwa kuijaza kiongozi wa kundi. Nikiandika hawezi, anarudishwa kwao. Nililijua hilo vizuri, sitaki kujitetea.

Siku ya pili ya kuchimba akanifuata.

"Ndugu Masanja, huku mwisho tuchonge ngazi, na mimi niweze kushuka."

"Handaki si kanisa, Leokadia."

"Na nyinyi mtatokaje?"

"Sisi tuna miguu," nikasema, watu wakacheka, nami nikajiona mtu kweli. Nikamwambia akae kivulini atulindie mashati. Aliomba jembe mara tatu, mara tatu nikamwonea huruma (huruma yangu ya siku hizo ilikuwa mbaya kuliko matusi).

Jioni nikajaza karatasi: Hawezi. Ukweli ni kwamba ningeandika anaweza ingebidi nichonge zile ngazi, na mimi nilitaka handaki lililonyooka, lenye kina cha kunizidi mkono mzima, afisa wa wilaya akija ashike kiuno. Asubuhi ya ukaguzi hata ngazi ya mbao tuliyokuwa tunapandia niliiondoa kwa kuwa inaharibu sura, nikawapa mafundi wakaenda nayo kuezeka shule huko Runazi.

Afisa akaja na Mkuu wa chuo, wazee wawili na mwavuli mmoja. Tukawaamkia, filimbi ikalia, tukaruka ndani watu kumi na wanne, safi kabisa. Mvua iliyokuwa imenuna tangu asubuhi ikaachia. Filimbi ya kutoka ikalia. Hakutoka mtu.

Nikampandisha mwenzetu Yohana mabegani, akashika ukingo, ukingo ukamfuata, vyote viwili vikaniangukia mimi. Tukajaribu kusukumana, tukajaribu kuparamia, ule udongo mwekundu ukilowa haushikiki, na maji yameshafika vifundoni.

"Kiongozi, mbona hamtoki?" afisa akauliza, kwa upole ambao ndio ulinimaliza.

"Tunatoka, Mzee," nikajibu, nikateleza nikakaa.

Mkuu naye, nadhani kwa kutafuta la kusema, akafungua jalada lake. "Kuna mwanachuo wa kundi hili ameandikiwa hawezi kazi za mikono," akamwambia afisa. "Ameandika Masanja." Vichwa kumi na vitatu vikanigeukia. Nilikuwa ndani ya handaki la kujificha na sina pa kujificha.

Ndipo nikasikia magongo. Leokadia aliketi kwenye matope pale mwisho wa handaki, akaomba jembe la mpini mfupi, akaanza kuchonga akiwa amekaa, kama alivyokuwa akipalilia maharage kwao tangu utotoni (ningemwuliza, angeniambia). Akimaliza ngazi moja anateremka anaikalia, anachonga nyingine. Afisa alisogea akamshikia mwavuli, mvua ikampiga yeye. Ngazi saba. Tukatoka mmoja mmoja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho, na mkono ulionivuta pale juu ulikuwa wa Leokadia.

Mkuu akaichana karatasi yangu. Akatoa nyingine tupu, akampa Leokadia. "Mjazie na wewe kiongozi wako."

Aliandika taratibu, ameiweka karatasi gotini, vidole vina tope. Mkuu akasoma mbele ya wote: "Ndugu Masanja anaweza kazi zote, akichongewa ngazi."

Afisa alicheka mpaka akashika kiuno kweli. Mimi nilitaka kulia. Leokadia alikuwa na nafasi ya kuandika lile neno langu moja, hakuliandika.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, nimepanga maneno mengi mazuri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Sasa kile kizingiti cha chumba cha ushonaji kinanikwaza kila asubuhi. Wewe si unasomea useremala?"

Basi, Leokadia alibaki chuoni mpaka akamaliza, na mimi tangu siku ile nimeapa sitasema tena mtu hawezi kabla sijamwuliza mwenyewe anahitaji nini. Asubuhi ile nilikipima kile kizingiti kwa shubiri. Nikaenda kuchukua msumeno.