Jumamosi za Filamu Bubu

Wakati wa baridi, kapeti la maktaba ya Germantown lilinuka kama mbwa aliyenyeshewa, ingawa mbwa hawakuruhusiwa kuingia. Ilikuwa ni viatu vyetu. Watu waliingia na theluji kwenye soli, theluji ikayeyuka, kapeti likainywa, na mtambo wa kupasha joto ukaichemsha hiyo supu polepole mpaka jioni. Mimi niliipenda harufu ile kuliko pilau ya Krismasi. Ilimaanisha kwamba ni Jumamosi, na kwamba nimetoka kwenye kile chumba cha chini ya nyumba tulichopanga, chenye dirisha dogo kiasi kwamba jua likitaka kuingia lilibidi lipite kwa ubavu.

Tulikuwa tumehamia Maryland, Marekani, mwaka ule kutoka Kahama, mimi nikiwa msichana wa darasa la tatu mwenye maneno mengi kuliko redio. Kahama mwalimu alinihamisha dawati kwa sababu ya kuongea mpaka madawati yakamwishia. Huku, maneno yaliniishia mimi. Shuleni Kiingereza kilipita juu ya kichwa changu kama kundi la ndege, nami nikibaki nimetazama juu tu. Mama alilala kazini upande wa Virginia, akimtunza bibi mmoja mgonjwa, akarudi Jumapili. Baba alibeba maboksi kwenye ghala moja huko Landover. Aliondoka giza, akarudi giza, akala huku amefumba macho. Siku nzima iliweza kupita, nakuambia kweli, nisifungue kinywa ila kwa kupiga mswaki.

Aliyenionea huruma ni mwenye nyumba wetu, Mama Njeri, muuguzi kutoka Nyeri. Jumamosi akienda shifti alinishusha maktaba, akashusha na kioo cha gari ili anionye vizuri. "Kaa hapo ndani mpaka nikuje, sawa? Na usiongee na watu hujui." Nilimjibu "sawa," nikiwaza niongee nao kwa lugha ya kuku au ya mbuzi.

Katika chumba cha nyuma cha maktaba, kila Jumamosi mchana, walionyesha vichekesho vya zamani sana, vya rangi nyeusi na nyeupe, visivyo na sauti hata chembe. Watazamaji walikuwa wazee wachache na makoti yao. Nami nilikaa nao, lakini kiti changu nilikielekeza mlangoni. Nilikuwa namsubiri DJ.

Lazima nieleze. Kahama tulikuwa na kibanda cha video, kuta za mabati na mlango wa gunia, na pale filamu haikuwa filamu mpaka DJ ashike kipaza sauti. Yeye ndiye aliyewasemea Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili. Aliwapa majina ya watu waliokaa benchi la mbele, akachomeka bei ya mahindi, akamfanya jambazi amtukane mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyeuliza kama tafsiri ni sahihi. Kwa hiyo nilipoona watu wa kwenye skrini wanafungua vinywa na hakuna kinachotoka, akili yangu ilinipa jibu moja tu: DJ amechelewa. Nikawahurumia wale wazee kwa subira yao. Nikamtazamia Jumamosi ya kwanza, na iliyofuata, na nyingine tena, hadi nikaamua kwamba kama ni theluji imemzuia basi imemfukia kabisa, na kazi hii itabidi niifanye mimi.

Nilianza kwa kunong'ona. Baadaye sauti ikanitoka yenyewe, kama maji ya bomba lililopasuka. Kulikuwa na mbio za polisi mnene akimfukuza mtu aliyeiba andazi, na mimi nikawa polisi, nikawa mwizi, nikawa hata andazi. Bibi mmoja mwenye kofia ya kijani akageuka. Nikajua sasa natupwa nje. Badala yake alichukua mkoba wake, akahamia kiti cha karibu nami, akanifanyia ishara ya mkono: endelea.

Vile vichekesho vilinishangaza kwa jambo moja. Nyumbani Baba alinifundisha kumwamkia kila mwenye sare na kumpisha njia. Alitembea na karatasi zake za uhamiaji kwenye mfuko wa ndani wa koti, akizigusa kila gari la polisi linapopita. Na hapa watu wazima walikuwa wanamcheka polisi aliyekalia keki! Tajiri mwenye kofia ndefu aliteleza, mwenye njaa akala, mpangaji akarudi ndani kwa dirishani. Mambo hayo waliyatengeneza watu ambao labda wasingethubutu kuyasema kwa mdomo, wakayasema kwa makalio, na makalio hayashitakiwi.

Lakini DJ asiyeeleweka ni mpweke kuliko hata bubu. Bibi wa kofia alicheka kwa kufuata sauti yangu tu, kama mtu anayecheza ngoma ya kabila jingine. Nilikuwa na ukumbi mzima na sina msikilizaji. Nilimtaka Baba. Kila Ijumaa aliniambia, "Kesho nakuja, mama, nione huo uhodari wako," na kila Jumamosi ghala likamwongezea saa, nami nikamaliza filamu nikitazama kiti kitupu nilichokiwekea skafu yangu.

Siku moja dhoruba ikakata umeme Landover, ghala likafungwa, na Baba akatokea mlangoni pa kile chumba na koti lake la kazi. Niliondoa skafu kwa kasi nusura nijinyonge nayo.

"DJ hayupo," nikamwambia. "Ni mimi."

"Haya, DJ. Piga kazi."

Filamu ilimhusu kibarua aliyeajiriwa kutoa nje vyombo vya mama aliyeshindwa kodi. Bosi alisimama kizingitini na saa mkononi. Kibarua akitoa kabati kwa mlangoni, analirudisha kwa dirishani bosi akigeuka. Kama desturi ya kibandani, kibarua nikampa jina la aliyekaa mbele: Masanja, jina la baba yangu. Na bosi nikamwekea maneno niliyoyasikia nyuma ya pazia letu, Baba alipokuwa akimsimulia Mama kwenye simu jinsi wanavyofuatwa na saa hadi mlango wa choo.

"We Masanja!" nikanguruma. "Chooni tena? Unakwenda kuzaa huko?"

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Akanitazama. Bosi wa kwenye skrini aliendelea kufungua kinywa, nami nikaikunja skafu mapajani. Ndipo ikasikika sauti ambayo sikuwahi kuisikia Baba akiitumia Marekani hii, nzito na imetulia.

"Naam, bosi, nakwenda chooni. Mimi ni mtu. Boksi ndilo lisilokwenda."

"Unanijibu?" nikapata pumzi.

"Nakujibu. Na kabati hili linarudi ndani. Mvua inanyesha na watoto wa watu wako nje."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Ila kwanza nikamate!"

Na kibarua, wallahi kama aliyemsikia, akaruka dirishani na kabati mgongoni. Chumba kililipuka. Baba alicheka akajifuta macho kwa mkono wa koti, na bibi wa kofia akasimama akapiga makofi, akasema kitu. Baba akanitafsiria: "Anasema turudi Jumamosi ijayo."

Hatukurudi. Umeme ulirudi kabla yetu. Baba akachukua shifti mbili, majira yakabadilika, maktaba ikaacha kuonyesha, na mimi Kiingereza kikanishukia kwa wingi kuliko mvua ya masika.

Sasa ni mtu mzima, naishi mtaa wa Shaw, mjini, na nimesoma masomo ya jioni mpaka nikahitimu. Darasani niliandika insha ndefu juu ya njaa, kodi na polisi katika vile vichekesho, na mwalimu akaisifu mno. Majuzi ukumbi mmoja hapa mtaani ulionyesha filamu za aina hiyo, na mjadala wa siasa baadaye, nikamfuata Baba Germantown kwa gari. Magoti yake yamechoka, bado yuko ghala lilelile. Ukumbi ulijaa vijana wenye miwani mizuri, kimya kama kanisani. Mfagizi wa hoteli akatokea kwenye skrini, meneja akamjia na kidole juu. Moyo wangu ukaruka. Nikamwinamia Baba: "Haya, Masanja, anakuita. Mjibu."

Akaniwekea kiganja juu ya mkono, akatazama huku na huku kama anayetafuta aliyesikia.

"Nyamaza, mama," akanong'ona. "Watu wanasikiliza."

Nikaegemea kiti changu. Mbele yetu mfagizi alifungua kinywa, akafunga, akafungua tena.