Kibanio Kilisema Tisini na Nane

Nianze na watu waliokuwepo, maana ukianza na jambo lenyewe, baadaye kila mtu anabisha alikuwa wapi. Tulikuwa wanawake wanne na kichanga mmoja. Mimi mwenye mji. Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, yule aliyerithi kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake kama ilivyo desturi yetu, ingawa siku zile mwanangu alikuwa kazini mbali. Kichanga wao wa kike, wa siku kumi na tisa. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, aliyepanda kutoka Shirimatunda kuja kunisaidia kulea mzazi. Na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mke wa mtoto wa shemeji yangu, aliyefika siku ya mwisho. Binti yangu wa tatu, anayeuza kwenye duka la dawa Moshi mjini, hakuwepo, lakini mkono wake ulikuwepo, nitaeleza. Majina yao yote ninayo, na ya bibi zao pia. Siyaandiki kwa sababu wameniomba nisiyaandike.

Ilikuwa mwezi wa saba. Huku Kibosho mwezi wa saba mlima hauonekani. Ukungu unashuka asubuhi unakaa kwenye migomba mpaka jioni, na manyunyu hayakatiki, na nguo za mtoto hazikauki. Mkwe alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kisha akapata nimonia palepale hospitali. Walimwekea oksijeni siku tano. Alipotoka, mifupa ya mabega ilikuwa inahesabika. Binti yangu ndiye aliyetuleta na gari, na kabla ya kurudi mjini alitoa kwenye mkoba kitu kidogo kama kibanio cha nguo, akakibana kwenye kidole cha wifi yake. Ndani kikawaka taa nyekundu.

"Mama, hili ndilo jicho lako," aliniambia. "Hii taa inapita kwenye kidole, inaiangalia damu kama imebeba hewa ya kutosha. Ikiandika chini ya tisini na nne, nipigie simu saa hiyohiyo. Ikiwa juu ya hapo, usiwe na wasiwasi."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini namba nazijua vizuri. Nilikitundika shingoni kwa uzi, pamoja na rozari.

Sasa, mzazi kwetu hakai kwenye baridi. Anakaa ndani miezi mitatu, anakula mtori wa ndizi na nyama na maziwa, hashiki jembe, hachoti maji, na chumba chake hakikosi moto. Mama yangu alinilea hivyo katika nyumba ya majani, moto wa kuni katikati, ng'ombe upande mmoja. Tulikohoa, macho yalilia, lakini moshi ulitoka kwenye majani na sisi tukaamka asubuhi. Nyumba aliyojenga mwanangu ni nyingine. Ina dari, ina madirisha ya vioo yanayoteleza na kukaza barabara. Kuni humo hazifai, kuta zingeharibika. Kwa hiyo niliwasha jiko la mkaa nje, nikasubiri mpaka moshi umekwisha wote na makaa yamekuwa mekundu safi, ndipo nikaliingiza chumbani. Chini ya mlango palipita upepo. Nilikunja khanga nikapaziba.

Kando ya jiko niliweka boksi la vifaranga. Kicheche alikuwa amemchukua mama yao, nao walikuwa saba, bado wana manyoya ya njano. Niliona moto mmoja utatosha kwa wote.

Siku ya kwanza ya jiko ilikuwa Jumanne. Kibanio kilisema tisini na saba. Mdogo wangu alinicheka.

"Dada, umekuwa daktari. Limebaki koti jeupe."

"Lete kidole na wewe," nikamwambia, "tuone kama humo kuna damu au pombe ya mbege tupu."

Mkwe alicheka mpaka akashika mshono. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sikukisikia tena kwa muda mrefu.

Jumatano aliamka na kichwa. "Mama, kinagonga," alisema, "hapa mbele." Nikambana kidole. Tisini na saba. Nikamwambia ni maziwa yanashuka, ale. Alikula vijiko vitatu akatapika. Mdogo wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi, jiko la kupikia liko nje kwetu, alipoingia na kuona matapishi akasema, "Huyu anadeka. Sisi tulizaa tukaenda sokoni." Mimi mwenyewe nilikuwa na uzito fulani kichwani, nikasema ni uzee na kukosa usingizi. Jioni ile mashavu ya mkwe yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mtu aliyepona. Nilimwita mdogo wangu aje aone jinsi mtori wetu ulivyofanya kazi.

Alhamisi manyunyu yakawa mvua. Niliongeza makaa. Baada ya chai niliangalia boksi, vifaranga wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka. Baadaye kidogo wakawa watatu.

"Kideri hicho," alisema mdogo wangu. "Kimeshapita kwa watu wa juu, sasa kimeshuka."

Akawatupa migombani, akanawa mikono. Wengine walikuwa wameinamisha shingo. Hatukuwatoa, tulisema wakipigwa na baridi watakufa upesi zaidi.

Mkwe akawa anasema maneno machache. Niliuliza kama mtoto amenyonya, akaniangalia muda mrefu, kisha akaniita kwa jina la mama yake mzazi, aliyefariki zamani. Nikakivua kibanio shingoni, nikambana kidole. Taa ikawaka. Tisini na nane.

Ilikuwa imepanda. Nilijibana na mimi. Tisini na nane. Nilikaa kwenye kigoda nikiiangalia ile namba, na miguu yangu ilikuwa kama si yangu. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, chuchu iko mdomoni, hanyonyi. Nilijiambia ameshiba. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Sikupiga, kwa sababu niliambiwa nipige ikishuka.

Saa tisa hivi jirani alipiga hodi, ameleta maziwa ya mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ufunge haraka, baridi."

Aliingia, akasimama, akavuta pumzi. "Mbona humu kuna joto la kukaba? Mzazi vipi?"

"Amelala. Anaendelea vizuri, kipimo kinasema. Ila vifaranga wangu wana kideri."

Jirani huyu ndiye anayefuga kuku wengi hapa kwetu, na kideri anakichukia kuliko nyoka. Hakumalizia hata salamu. Alichukua boksi akatoka nalo barazani, asije akakanyaga ugonjwa akaupeleka kwake. Tulimsikia anavyowageuza, anasonya. Kisha akaita.

"Mama! Hebu njoo."

Nilitoka nimeshika ukuta. Upepo wa mvua ulinipiga usoni nikayumba. Katika wale vifaranga wanne mmoja alikuwa amesimama. Anatetemeka, lakini amesimama, na nilipokuwa naangalia akadonoa pumba. Wa pili naye alikuwa anainua shingo.

"Kideri hakifanyi hivi," alisema jirani. "Nimezika kuku wengi mimi. Hakuna aliyewahi kubadilisha mawazo."

Nilisimama pale. Boksi ni lilelile, pumba ni zilezile. Huku nje ni baridi, kwa akili yangu wangekufa. Kitu gani wamekiacha ndani? Nikageuka nikaangalia mlango, nikaiona ile khanga yangu imekunjwa chini, imesukumwa kando na mlango, kazi ya mikono yangu. Na kwa mara ya kwanza katika siku tatu kichwa changu kilianza kuwa chepesi.

"Toeni mzazi," nilisema. "Toeni mtoto."

Mdogo wangu aliziba mlango kwa mwili. "Dada, una wazimu? Mzazi hajamaliza hata mwezi, ana nimonia, umpeleke kwenye mvua? Akifa tutawaambia nini watu wa kwao?"

"Ondoka mlangoni."

"Kipimo kimesema nini? Si ulisema tisini na nane?"

"Ondoka!"

Jirani alimchukua mtoto. Mimi na mdogo wangu tulimshika mkwe kwapani, naye alikuwa mzito, kichwa kinaanguka mbele, visigino vinaburuza. Tulimlaza kwenye mkeka barazani, mvua inaturukia. Mtoto alikuwa kimya. Jirani alimpuliza usoni, akamfinya nyayo, akamfinya tena. Nilikuwa nasali, lakini sikumbuki sala. Kisha mtoto akatoa sauti ndogo, kama mlango unaokwaruza, na ndipo akalia.

Barabara yetu mnaijua wakati wa mvua. Mume wa jirani alitupeleka na pikapu ya ndizi, na tulifika kituo cha afya mganga anafunga mlango. Aliwawekea wote wawili oksijeni. Nilimwonyesha kibanio changu kwa hasira, nikamwuliza kwa nini kimenidanganya.

"Hakikudanganya, bibi," alisema. "Hakijui. Chenyewe kinatazama wekundu wa damu kwa taa. Hewa ya mkaa haina harufu, haina rangi. Inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri, na inaifanya damu kuwa nyekundu vilevile. Kikaona wekundu, kikasema vizuri."

Binti yangu alifika usiku ule kutoka mjini. Alikivua shingoni mwangu, akakiweka kwenye mkoba. Mpaka leo hatujakizungumza.

Ni miaka mitatu sasa. Mkwe alipona nimonia, alinenepa, analima. Lakini anasimama katikati ya uwanja ameshika ndoo, hajui alikuwa anakwenda kuteka maji au anatoka. Mtoto alipewa jina langu, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza. Wiki iliyopita mama yake alitaka kumwita aje kula. Alifungua mdomo, akabaki hivyo. Nilimwona anavyolitafuta lile jina, macho yanazunguka, na mimi mwenye jina nimekaa mbele yake. Mtoto naye alikuwa anasubiri kuitwa. Yeye bado hajaanza kusema. Watu wananiambia wapo watoto wanaochelewa.

Mimi nakumbuka kila mtu na kila kitu, kila anayenijua atakuambia. Lakini mdogo wangu ana neno lake. Anasema Jumatano ile, baada ya kutapika, mkwe aliniomba nifungue dirisha. Anasema aliomba mara mbili, na kwamba mimi nilimwinulia kidole chake mwenyewe nikamwonyesha namba. Mimi sina kumbukumbu hiyo. Nimeitafuta kila mahali ninapoweka vitu. Jirani hakuwepo Jumatano, na mkwe nikimwuliza anatabasamu tu. Hewa ile niliivuta na mimi.

Basi ninyi mliopita nyumbani kwangu siku ile kuleta ndizi au kuazima panga, mkasimama dirishani mkasikia, njooni mniambie. Kama nimekosea siku, nisahihisheni. Kama nimekosea nani alisema nini, nisahihisheni. Na kama aliomba, msinifiche.