Mshenga Aliyefika na Mawese Kwenye Mnyororo

Mkinikuta naenda Ujiji kwa miguu, jua la utosi, na baiskeli yangu nzuri nimeiacha nyumbani, msiniulize mbele ya mke wangu, maana atacheka mpaka akae chini. Leo nawasimulia mwenyewe, aibu yangu yote, kabla hamjaipata kwa wambea wa mtaani kwetu Mwanga ikiwa imetiwa chumvi (ingawa kwa kweli chumvi haihitaji).

Rafiki yangu Sudi alimpenda Mwajuma wa Ujiji, akampenda kweli, akanichagua mimi niwe mshenga wake. Kazi ya mshenga mnaijua, muoaji anabaki kwao roho juu, wewe ndiye uso wake na ulimi wake, ukiharibu umemharibia yeye. Na familia ile haina mchezo, ilishamrudisha muoaji mmoja kwa sababu tu mshenga wake aliingia anatafuna. Sudi akanisihi, "Kaka, tafadhali, panda bajaji." Lakini mimi wiki hiyo nilikuwa nimenunua baiskeli ya gia, ya kwanza maishani mwangu, nikaona niende nayo wajue kijana ana marafiki wa maana.

Tatizo gia zilikuwa zinaruka. Unapanda kilima unasikia krr, krr, mnyororo unahama wenyewe. Fundi yupo jirani tu, ila mtu aliyeangalia video mbili kwenye simu aende kwa fundi kutafuta nini? Jioni nikaipindua baiskeli uani, matairi juu, nikakuta kule nyuma, kwenye kile kidude kinachosogeza mnyororo, skrubu mbili ndogo. Jamaa wa kwenye video aligusa moja, kidogo tu. Mimi nikazilegeza zote mbili mpaka mkono ukachoka, isije ikaonekana nabagua. Ikabaki kulainisha, oili sina, na hapo ndipo Ukigoma wangu ukaniponza, nikaingia jikoni nikachota mawese. Si ndiyo tunayopikia maharage, si ndiyo bibi zetu walitupaka tulipokuwa na ukurutu? Nikamimina kwa mapenzi yote.

Mke wangu akaniangalia. "Na kitunguu, hutii?"

Asubuhi kulikuwa na kibaridi, na mawese kwenye baridi mnayajua, yaliganda kwenye meno ya gia kama uji wa jana. Nikaondoka na kanzu yangu nyeupe nimeikunja mpaka kiunoni, ndani nimevaa bukta ya mpira iliyochanika nyuma (ikumbukeni hiyo bukta), gia imegoma kwenye nzito kabisa, nasukuma pedali jasho linanitiririka. Nilipoiona nyumba yao nikaishusha kanzu nifike na heshima zangu, nikajaribu tena kubadili gia, kwa nguvu. Kumbe jua limeshapanda, mawese yamelainika, na zile skrubu nilizozilegeza ndizo zilizokuwa zinazuia mnyororo usipitilize. Mnyororo ukaruka meno yote ukajichomeka kwenye spoku, ukabeba na pindo la kanzu, nikaanguka mbele ya baraza walikonitandikia mkeka.

Nikavuta, haitoki. Wakaja wanaume wawili wakavuta, haitoki, mawese tu yanazidi kupanda kwenye kanzu. Baba yake Mwajuma akaniambia kwa upole, "Vua kanzu, mwanangu."

"Shikamoo mzee, siwezi." (Sasa mnaikumbuka bukta.)

Basi wale wawili wakabeba baiskeli, mimi nafuata nyuma kama mbuzi wa kamba, tukaketi mkekani, mzee, mimi na baiskeli. Bibi yake Mwajuma, mkongwe ambaye wazazi wake walitoka Kongo, akatokea mlangoni, akanusa.

"Yoo! Kinga imemla mgeni wetu!" (Kinga ndiyo baiskeli kwa wazee wale.) "Na nani ameiunga kwa mawese?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilimfikiria Sudi, amekaa kwao ameshika simu, na machozi yakanilenga, sikuwahi kuona aibu vile. Maneno yote ya mafumbo niliyoyakariri yakapotea, nikasema tu, "Mzee, mjinga ni mimi. Aliyenituma hana kosa, aliniambia nipande bajaji."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Kumbe muoaji ana akili. Alimwambia apande bajaji."

Akaagiza mkasi, akalikata pindo kwa mkono wake, nikaletewa chai.

Posa ikakubaliwa, alhamdulillahi, na jibu lilikuja na sharti moja la bibi, kwamba siku ya mahari mshenga aje kwa miguu, na baiskeli isionekane kwao mpaka airuhusu yeye. Nikaenda kwa miguu, na kanzu fupi. Tangu hapo skrubu ni za fundi na mawese ni ya maharage, nimeapa. Juzi Sudi na Mwajuma walinialika kwenye akika ya mtoto wao, nikamsogelea bibi nikamuuliza kama sasa naruhusiwa kuja na baiskeli.

Akainama kidogo, akaninusa kanzu.

"Bado," akasema.