Siku Televisheni Ilipomfunga Wawira Kamba

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nane, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza insha.

Nikisikia harufu ya nyaya zikichomelewa, narudi mji wetu mdogo wa Runyenjes, miaka ya tisini, kwa fundi wa redio aliyekuwa na mashine ya gemu. Aliiunganisha na televisheni ndogo ambayo picha yake ilitetemeka. Mimi na kaka yangu Njeru tulimchotea maji, naye akatuacha tucheze kabla hajafunga kibanda.

Njeru alichagua jitu lenye shoka. Mimi, niliyeona haya hata kuitika jina langu darasani, nilichagua mwanamke mwenye fimbo. Hakusema neno. Aliruka, akapiga, akatua. Nilimwita Wawira, jina langu, ambalo nililirithi kwa nyanya mzaa baba. Kwetu ukiitwa jina la nyanya yako, wewe ni yeye amezaliwa tena. Kwa hiyo tulikuwa akina Wawira watatu.

Nilimwambia nyanya habari hizo jikoni.

“Anampiga nani?” akauliza.

“Wote, Cucu.”

Alicheka mpaka akaacha kuchambua maharagwe. Tangu hapo, kila nikirudi aliniuliza, “Leo tumempiga nani?”

Kisha mwalimu jirani akatuambia kwamba gemu ile imefanywa katuni, itaonyeshwa Jumamosi kwenye televisheni yake. Nyanya alivaa kitambaa chake cha kanisani. Mwalimu akampa kiti kizuri, sisi tukakaa sakafuni.

Wawira alitokea na nguo zake zilezile, lakini bila fimbo. Sauti waliyompa ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Kabla sijakaa vizuri, alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo, analia.

Nyanya hakujua Kiingereza. “Anasema nini?”

“Anasema wangoje, atajifungua,” nikamwambia kwa Kiembu.

“Na mbona analia?”

“Ni moshi, Cucu.”

“Moshi gani?” Njeru akacheka. “Anaomba aokolewe. Wawira wako anaomba, Cucu.”

Jitu lenye shoka likaja, likakata kamba. Wawira akalishukuru. Jitu lilelile nililokuwa nikiliangusha kila jioni.

Njiani nyanya alitangulia mpaka tukapita shamba la kahawa. Nilitaka anigombeze. “Huyo mwanamke mwondolee jina langu,” akasema. “Sitaki watu walione limefungwa.”

Sikucheza tena. Wala nyanya hakuniuliza tena tumempiga nani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko katuni yenyewe.

Nilikua kabla ya kuelewa. Gemu haikuwa na hadithi. Ilinipa fimbo tu, hadithi nikaiweka mimi. Watu wa televisheni walihitaji mtu wa kuokolewa, wakamchukua aliyekuwa hana maneno. Hawakujua kwamba ana wenyewe Runyenjes. Lakini hata baada ya kuelewa hivyo sijawasamehe, maana walinifanya nimdanganye nyanya mbele ya watu, naye alijua kwamba namdanganya, akaniachia.

Kama nawe ulikuwa na mpiganaji wako wakaja wakamgeuza, tafadhali niandikie. Andika polepole kama mimi, ila uniambie alivyokuwa kabla hawajamgusa.