Funza wa Kwenye Pera

Pera lililoiva kupita kiasi lina harufu mbili. Ya juu ni utamu mzito, unaokaribia ule wa pombe ya ndizi inayoanza kuchachuka. Chini yake kuna uvundo mdogo wa majimaji, ambao pua huutambua kabla akili haijaupa jina. Hadi leo nikipita sokoni Mkuyuni na harufu hiyo ikanifikia, vidole vya miguu yangu hujikunja ndani ya viatu. Nikuambie kwa nini. Kuna wakati katika utoto wangu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mdogo wangu alikuwa akiliwa kutoka ndani, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Tuliishi Mkolani, katika nyumba iliyoegemea jiwe kubwa, na uani palikuwa na mipera ambayo mama aliitunza ili auze matunda yake. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuokota mapera yaliyoanguka. Sikuruhusiwa kuyatupa shimoni. Bwana shamba alikuwa amemwelekeza mama ayatie katika mfuko mweusi wa nailoni, aufunge kwa kamba, kisha auanike juu ya jiwe jua liuchome.

“Usiyafukie,” mama aliniambia. “Ukifukia, umewapandia.”

Sikuuliza nimewapandia akina nani. Nilijua tu kwamba jua likishapanda, mfuko ule ulitoa sauti ndogo za kugonga, moja hapa, nyingine pale, kama manyunyu yanayoanza juu ya bati, ilhali mbinguni hapakuwa na wingu. Nilijizoeza kupita mbali nao.

Aliyenionyesha kilichokuwamo ni binamu yangu Mabula, aliyekuja kwetu likizo kutoka Usagara. Alinizidi umri kidogo na ujuaji sana. Alipasua pera moja kwa vidole gumba, akanisogezea usoni. Ndani ya nyama yake laini, iliyokwisha kuwa ya kahawia, walikuwamo wadudu weupe, wembamba, wasio na miguu. Mmoja alijipinda hadi kichwa kikagusa mkia, akakaza, kisha akajiachia kwa ghafla na kuruka kama kipande cha mpira kilichofyatuka. Alianguka mchangani, karibu kabisa na mguu wangu mtupu, akaanza kujichimbia. Nilipoinama kutazama, hakuwapo tena.

“Funza hao,” alisema Mabula.

“Funza wa miguuni?”

“Kwani kuna funza wangapi, Minza?”

Swali lake lilinimaliza. Shuleni tulikuwa tumefundishwa juu ya funza. Mwalimu alikuwa amemchora ubaoni, mkubwa kama ng'ombe, akatueleza kwamba anaruka, anaishi mchangani, anaingia katika nyama ya mtu bila kubisha hodi, na humo anavimba kwa mayai, huku nje kikionekana kidoa cheusi tu. Kila sifa niliyofundishwa nilikuwa nimeiona kwa macho yangu: ameruka, ameingia mchangani, ametoweka. Nikatazama ua wetu wote na kuona kwamba tulikuwa tukiishi juu yao.

Hapo ndipo nilipomwona Masanja, mdogo wangu, ambaye hata kusema sawasawa alikuwa hajaanza. Alikaa chini ya mpera, ameshika nusu ya pera. Nusu nyingine alikuwa anaitafuna. Nilimpokonya. Ndani ya kile kilichobaki palikuwa na vijia vya kahawia, na funza mmoja aliyekatika.

“Mwache dogo,” Mabula alicheka. “Leo kala na kitoweo. Sasa wewe ni Minza, dada wa funza.”

Tangu saa ile nilivaa mabuti ya mvua hata jua lilipokuwa kali. Masanja alipoogeshwa, nilisimama karibu na beseni nikikagua tumbo lake, na kitovu chake, chenye kivuli cheusi katikati, kilinikumbusha kile kidoa alichotueleza mwalimu. Nilimnywesha maji kila nilipopata nafasi, nikitumaini watazama. Mama sikumwambia. Nilihisi kwamba jambo lile, likishatamkwa mbele ya mtu mzima, litakuwa kweli moja kwa moja.

Kisha asubuhi moja Masanja, akiwa ameketi kwenye poti, alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Alijikunja, ameshika tumbo, mishipa imemtoka shingoni. Nikakimbia hadi kwa mama, aliyekuwa akifua.

“Mama, Masanja ana funza tumboni. Wanataka kutoka.”

Sikumbuki kumwona akitembea. Nakumbuka tu kwamba alikuwa amekwisha kumnyanyua, mikono imejaa povu, anamgeuza, anatazama ndani ya poti, anamfunua kope, anambonyeza tumbo. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

“Umewaona wapi, mama? Sema polepole.”

“Kwenye pera. Alikula pera lenye funza.”

Mama aliketi pale pale chini, kando ya poti, akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na Masanja mapajani mwake akiendelea kulia.

“Mbegu za mapera zimemfunga choo,” alisema alipoweza. “Atakula papai, yataisha. Wa mguuni ni tekenya, ni kiroboto yule. Huyu wa kwenye pera ni mtoto wa nzi. Anaruka kutafuta udongo, ajifiche, atoke na mabawa arudi kunitobolea mapera yangu. Tumboni mwa mtu anaiva kama nyama.”

“Wewe umewahi kuwala?”

“Wengi kuliko dagaa.”

Baadaye nilijifunza kwamba nzi jike hutoboa ganda la tunda na kutaga chini yake, akiacha alama ndogo kama ya sindano. Kwamba buu akishakomaa huliacha tunda na kuingia ardhini, na kwa hiyo shimo la kina kifupi humlea, ilhali mfuko uliofungwa juani humuua. Hayo yalikuwa mepesi. Kicheko cha mama ndicho kilichonichukua miaka. Kilinichoma, kwa kuwa nilikiona kuwa dhihaka.

Nilikielewa siku binti yangu aliponijia mbio kunieleza kwamba mdogo wake anatapika damu. Nilimkuta yule mdogo amesimama mlangoni, mdomo, kidevu na shati vimelowa maji ya matunda ya zambarau. Niliketi sakafuni nikacheka, na binti yangu akanitazama kwa uchungu ambao niliutambua mara moja. Nilitaka kumweleza kwamba hiyo haikuwa dhihaka, ilikuwa hofu inayotoka. Nilikuwa nimemkumbatia mdogo wake, na sikuweza kumwachia.