Mnada Chini ya Mablanketi

Sikuzaliwa na mashimo haya usoni. Nayaandika haya kwa kuwa watu wa mtaani kwangu wamechoka kuniuliza kwa mdomo, sasa wananiuliza kwa macho, nami jicho la mtu silijibu. Anayetaka kujua asome.

Kabla ya ndui nilikuwa dalali Kariakoo. Duka sikuwa nalo, nilikuwa na sauti. Mtu akihama, akifilisika au akiachana na mkewe, huniletea kitanda, kabati, mlango au taa ya chemni, nami nikavinadi mbele ya soko. Niliwahi kuuza kitanda cha teremka-tukaze, kile cha kamba kinacholegea kila mwezi, nikamwambia mnunuzi kwamba kitampa nguvu za mikono. Alirudi kunishukuru. Kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa imani, mara ya pili kwa sababu naijua Kariakoo.

Siku moja mtu mmoja akaniletea godoro la sufi, jepesi, zuri kama jipya. Nikamwuliza aliyekuwa akililalia yuko wapi. Akasema amesafiri. Kweli alisafiri, ila safari yenyewe ilikuwa ya kaburini, na ndui ndiyo iliyomkatia tiketi. Hilo hakuniambia. Sijamsamehe, na akisoma hapa ajue namsema yeye. Mimi nilitaja bei kubwa, wateja wakanicheka, nikaanza kulilalia mwenyewe huku nikingoja mwenye akili atokee.

Ilianza kwa mgongo. Nilihisi kama nimebeba kabati peke yangu kutoka Kivukoni. Kikafuata kichwa, kisha kutapika mpaka nyongo. Baada ya siku chache homa ikashuka, nikafurahi, nikaagiza supu ya pweza. Supu sikuimaliza. Vidonda vilitokea ulimini, halafu kwenye paji la uso, mikononi, hata kwenye nyayo. Vipele vilikuwa vigumu, kama kunde zilizofukiwa chini ya ngozi, kisha vikajaa usaha. Nilikuwa na kovu la chanjo ya utotoni. Nilidhani chanjo ni kama jando, ukishafanyiwa mara moja imetosha maisha.

Watu wa afya wakaja na mkokoteni. Vitu vyangu vikachomwa mbele ya nyumba, na godoro likiwemo. Katika yote niliyotendewa mwezi ule, hilo la godoro ndilo pekee lililokuwa haki.

Kambi ya karantini ilikuwa mabanda ya makuti nje ya mji, yamezungushiwa seng'enge. Banda la watu wazima lilijaa, nikalazwa pembeni mwa banda la watoto. Tulilala juu ya majani ya mgomba, maana mkeka hunata kwenye vidonda, na ukiinuka unauachia ngozi yako. Harufu yangu mwenyewe ilinichefua. Kope zikavimba zikagandana, nikawa sioni kitu. Nilijua asubuhi kwa kunguru na jioni kwa kengele ya kimya. Kengele ile ikishalia, ilikuwa marufuku mtu kutoa sauti, na mlinzi alipita akigonga nguzo kwa fimbo kuwanyamazisha watoto.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Watoto wale waliletwa bila mama zao. Sheria ilisema asiyeumwa asiingie. Naam, sheria nimeielewa, na seng'enge nimeielewa. Lakini hakuna aliyewaambia watoto lolote. Mtoto akilia huambiwa, nyamaza, mama anakuja kesho. Kesho ikaja, na kesho yake, mama hakuonekana. Wakubwa wanadhani mtoto hahesabu. Mtoto ni mnunuzi kama wengine: ukimdanganya mara mbili, ya tatu hafungui mkono. Nao wale walifunga midomo. Uji ukaja, uji ukarudi.

Karibu nami alilala Tatu, mtoto wa muuza vitumbua wa Kariakoo, hata meno ya mbele hajang'oa yote. Koo lake lilijaa vidonda. Akimeza tone alitetemeka mwili mzima. Upande wa pili alikuwepo Mwajuma, msichana aliyekaribia kuvunja ungo, na mdogo wake Hamadi, walioletwa pamoja. Mwajuma vipele vyake vilikuwa vichache, ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

Siku moja, jua likiwa kali, Tatu akanong'ona, "Mjomba, nipe hadithi."

Kabla sijafungua kinywa Mwajuma akadakia. "Usithubutu. Hadithi ya mchana inaua mama."

Ninyi nyote mmelelewa na neno hilo. Bibi zetu walilisema ili tusiache kazi za mchana. Lakini fikirini lilivyoingia pale, kwa watoto ambao mama zao wako ng'ambo ya seng'enge na hawajui kama wazima. Usiku hadithi imekatazwa na mlinzi, mchana imekatazwa na bibi. Nikajiuliza ni saa ngapi basi mtoto mgonjwa anaruhusiwa kufarijiwa.

Nikaanza kufanya kazi yangu, yaani kubishana.

"Mwajuma," nikasema, "mimi naona nini?"

"Huoni kitu. Macho yako yamegandana kama chaza."

"Basi kwangu mchana uko wapi?"

"Mchana upo. Jua liko mlangoni."

"Kwako wewe. Msimulizi nani?"

"Wewe."

"Basi usiku ni wa msimulizi."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, maana alikuwa akijikuna na mkuno ukasimama. "Na sisi tunaosikiliza?"

"Jifunikeni mablanketi mpaka kichwani. Atakayeona mwanga asisikilize."

"Na mama zetu?"

"Atakayekufa kwa hadithi yangu nitamlipia mimi."

Wakajifunika. Nikasikia mablanketi yakivutwa banda zima, yale ya serikali yanayowasha. Nikasema taratibu, hadithi hadithi, nao chini kwa chini wakajibu, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Hadithi sikuwa nazo. Bibi yangu alikuwa nazo, na mimi nilikuwa nalala kabla hazijaisha. Nilichokijua ni soko. Nikawaambia kwamba Mzee Homa ameingia Kariakoo na kikapu, anatafuta watoto wa kununua, naye ni bahili kupindukia: anatembea na viatu mkononi ili visiishe. Dalali ni mimi. Siruhusiwi kumfukuza mteja, lakini bei napanga mimi, na sikutaja shilingi hata moja. Kwa Tatu nilidai pipa la mvua. Mzee Homa akashika kiuno, akasema huyu ana mabaka, punguza.

"Ukasemaje?" Tatu akauliza.

"Nikasema mabaka ni nakshi. Na akinywa uji funda moja, bei inapanda: mapipa mawili, pamoja na ngurumo zake."

Nikasikia kikombe cha bati kikigusa meno, na mtoto akimeza huku akilia.

"Sasa nimefika bei gani?"

"Mapipa mawili na ngurumo. Mzee Homa anajifuta jasho kwa kanzu."

"Na mimi?" Mwajuma akauliza.

"Wewe kwa ulimi huo, anataka alipwe yeye ndipo akuchukue."

Walicheka. Mwenye vidonda mdomoni kucheka kunamuuma, na bado walicheka. Toka siku hiyo, kila uji wa mchana ukija, blanketi juu, soko linafunguliwa. Watoto wakashindana kupanda bei. Mmoja alifika bei ya ngamia mwenye miguu ya jogoo. Mzee Homa alirudi nyumbani kila siku na kikapu kitupu.

Msidhani nawauzia dawa. Hamadi alikufa. Alikuwa mdogo mno, usaha uliingia ndani, akaenda alfajiri wakati dada yake amemshika mguu. Walimtoa kwa machela, na mtu wa machela akamwambia Mwajuma asilie, atawatisha wenzake. Ningekuwa na macho ningemjibu kwa mkono.

Mchana ule hakuna aliyejifunika. Uji ukakaa. Mwajuma akaja akachutama kichwani pangu.

"Mjomba, ulimuuza?"

Nimenadi vitu miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali lililonikata namna ile. Ningemwambia hadithi ni uongo, ningekuwa nimewaibia wote. Ningemwambia Mungu amempenda zaidi, angenitemea mate, na angekuwa na haki.

"Sikumuuza," nikasema. "Hakuna bei iliyotajwa. Hamadi ameibiwa. Na mwizi tunamjua."

Alirudi mahali pake akalia kwa sauti kubwa, na nikamwambia kila aliyekuja kumnyamazisha aondoke. Wakaondoka. Uso wangu wakati ule ulikuwa na nguvu ya kuondoa watu.

Lakini Tatu naye akaacha kunywa. Siku ya kwanza, siku ya pili. Midomo ikapasuka, pumzi ikawa kavu kama karatasi. Dresa wa kambi, Leonadi, kijana aliyesomea dawa misheni, akaja na Mganga Mzungu, wakamtazama. Mganga alipoondoka Leonadi akanigeukia, akasema, sauti wazi kabisa juu ya kichwa cha mtoto:

"Huyu usimsumbue. Bwana Mganga anasema hafiki Ijumaa."

Ndugu zangu, mimi nimeuza meza zenye miguu mitatu. Hata meza mbovu sijawahi kuutangaza ubovu wake mbele ya mteja. Na huyu amesoma, amevaa nguo nyeupe, anamtangaza mtoto wa watu kuwa amekwisha, naye mtoto anasikia. Nikainuka. Majani ya mgomba yakabanduka mgongoni mwangu, damu ikanitoka, sikujali. Nikamwambia, "Leonadi, ana masikio huyu. Umemshushia bei mbele ya Homa."

Leonadi akasema nina homa kichwani, nilale. Nikataka kuendelea, lakini koo likafunga. Vidonda vyangu vilikuwa vimeshuka kooni, na sauti, ile niliyokuwa nayo badala ya duka, ikakatika. Nikabaki nafungua mdomo kama samaki wa Feri.

Ndipo nikasikia Mwajuma akisimama.

"Jifunikeni," akawaambia wenzake. "Wote. Na wewe Leonadi, ama jifunike ama utoke."

Wakati ule sikujua Leonadi alifanya lipi. Najua kwamba Mwajuma alinadi. Alinadi vibaya mwanzoni, kwa sauti inayopasuka, anamtukana Mzee Homa badala ya kumbembeleza. Alimwita mwizi. Alimwambia, "Umekuja usiku ukachukua bila kulipa, sasa unataka na huyu? Huyu hauzwi kwa mvua. Lete bahari. Ilete yote, na samaki wake, na chumvi yake tuihesabu mbali." Kisha akamwambia Tatu anywe, maana mteja anasitasita, ni sasa au basi.

Tatu akanywa. Funda moja, likarudi. La pili likakaa. Aliyemshikia kikombe, niliambiwa baadaye, alikuwa Leonadi, na blanketi lilikuwa kichwani kwake. Lakini hilo silo lililonifanya nimsamehe. Nilimsamehe kwa sababu kesho yake alimwuliza Mwajuma, taratibu, Homa ameleta nini leo.

Ijumaa ikafika, ikapita. Macho yangu yalifunguka, la kulia vizuri, la kushoto kwa ukungu mpaka leo. Magamba yakaanza kubanduka, kwanza usoni, mwisho kabisa kwenye nyayo, ambako yalikaa ndani kama mbegu na tulikuwa tukiyachokoa. Hatukuruhusiwa kutoka mpaka gamba la mwisho. Tukaogeshwa maji ya dawa, tukapewa nguo nyingine, seng'enge ikafunguliwa.

Mwajuma alipokewa na baba yake. Mama yake Tatu hakuwepo. Mlinzi alikuwa amemwambia siku nyingi zilizopita kwamba asije mpaka aitwe, na hakuna aliyekumbuka kumwita. Watoto wanatolewa karantini kama mikungu ya ndizi, atakayewakuta awachukue. Tatu aliangalia barabara, kisha akaniangalia mimi. Nilijua anachohesabu: hadithi zote zile za mchana, jua likiwa mlangoni, na sasa mama haonekani.

Nikamshika mkono. Tulitembea polepole, nyayo zikiwa laini kama za mtoto mchanga. Pale Mnazi Mmoja watu walitupisha njia, mwingine akajiziba pua, kana kwamba tumeomba kitu. Tatu hakuwatazama. Kadiri tulivyokaribia Kariakoo ndivyo alivyozidi kunibana vidole. Tulipokunja kona ya kwao akasimama, akakataa kuendelea. Nikambeba.

Mama yake alikuwa barazani na chuma chake cha vitumbua. Alituona, akatutazama kama watu wapita njia. Uso hakuujua. Kisha mtoto akaita "Mama," na sauti akaijua, na unga wote ukamwagika.

Tatu aliacha kulia mapema kuliko mama yake. Alimpapasa uso, akamshika masikio, akamkagua mikono huku na huku, kama mimi ninavyokagua kiti. Halafu akanigeukia.

"Mjomba," akasema, "kweli ulikuwa usiku."

Namshukuru Mungu kwa uhai na kwa jicho moja na nusu. Nawashukuru waliotulisha uji, Leonadi akiwemo. Nawashauri: nendeni mkachanjwe tena, hata mwenye kovu la zamani, na msinunue godoro la mtu aliyesafiri. Na ninyi mnaokaa na watoto wagonjwa, nawaomba kwa hasira, maana kwa upole nimeshajaribu: acheni kuwaambia wanyamaze, na acheni kuwapangia kesho msiyokuwa nayo. Mtoto akikuomba hadithi hana haja ya kujua saa. Keti. Kama huna hadithi, mwambie habari za kazi yako, hata kama ni kuuza vitanda vibovu. Na akikuuliza mwenzake amekwenda wapi, mjibu.