Masikio Mawili ya Mungu

Juzi nilirudi Uvira, nikakuta kanisa letu la zamani limesimama ndani ya ziwa, maji hadi madirishani. Tanganyika imepanda, rafiki yangu, imemeza mchanga wote wa utoto wetu. Kabla ya kusikia uchungu nilicheka, maana samaki wanaoogelea leo penye mimbari si wa kwanza kuhudhuria ibada humo.

Mchanga ule ulikuwa mali ya nyanya, mama yake mama, au ndivyo alivyoamini mwenyewe. Kila alfajiri alizipokea ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka kwa wavuvi, na sisi wajukuu tukazitandaza juani, tukifukuza bata wa majirani mpaka sauti zikatukauka. Ndagala mbichi haitaki mzaha. Ikipata jua ni chakula, ikinyeshewa inaoza, na nyumba yetu nzima ilikula kwa mchanga huo.

Jirani yetu, shemasi wa kanisa, alilima mpunga kule Luberizi. Yeye aliomba mvua, nyanya aliomba jua, na wote waliomba kwenye benchi moja. Kwetu watu huomba kwa pamoja, kila mtu na lake, kwa sauti. Basi hao wawili walipandishiana sauti kama wachuuzi wanaogombea mteja, nasi watoto tulifumbua jicho moja kuona nani anashinda.

Mwaka mmoja mvua ikakawia vibaya. Miche ya shemasi ikawa ya njano, naye akakonda. Mchungaji akatangaza Jumapili ya kuomba mvua. Asubuhi hiyohiyo, uone mambo ya Mungu, wavuvi wakarudi na mitumbwi imejaa kuliko msimu wote! Nyanya akatandaza ufuo mzima, akaja kanisani, akakaa. Maombi yalipokwisha kanisa likaitika Amina, isipokuwa yeye.

"Mama, sema Amina," shemasi akamsihi. "Mupunga yangu iko nakufa."

"Minye siseme. Ndagala yangu iko inje."

"Weye uko nazuia mvua ya watu wote!"

"Omba yako inyeshe kulekule Luberizi. Mungu hajue njia?"

Mchungaji akashuka mimbarini, akamwuliza kwa upole anataka Mungu amsikilize nani.

"Mungu iko na masikio mawili," nyanya akajibu. "Moja ya muchele, ingine ya ndagala."

Kanisa likaangua kicheko. Tulikuwa bado tunacheka upepo ulipobamiza dirisha, na mvua tukaiona inakuja kutoka uwandani, nyeupe, inakimbia. Shemasi akainua mikono, "Hale—", kisha akamwona nyanya. Alikuwa amesimama, anatazama ufuoni kupitia dirisha. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa kitu chochote, na mimi nikaanza kulia.

Shemasi hakuimaliza haleluya yake. Alivua koti akatoka mbio, na kanisa zima likamfuata, wanakwaya na majoho yao, mchungaji na vikapu vya sadaka. Tulizoa ndagala pamoja na mchanga, tukazimwaga juu ya mabenchi, na zilizobaki mimbarini. Ibada ikaendelea huku tumesimama, maana samaki walikuwa wamekalia nafasi zetu. Mvua ilipiga mabati hata mahubiri hayakusikika, jambo ambalo watoto tulimshukuru Mungu kwa moyo wote. Ndipo nyanya akasema Amina yake, kwa sauti iliyoishinda mvua.

Nyanya alishatutoka. Waumini wanasali sasa chini ya turubai, huko juu maji yasikofika, na mabenchi machache waliyoyaokoa. Jumapili nilikaa karibu na shemasi, mzee sasa, mpunga wake umefunikwa na maji ya mto Ruzizi. Nikainama kidogo kunusa benchi. Bado linanuka ndagala, wala sikufikiri harufu ile ingeweza kunichoma moyo hivyo.

Maombi yakaanza, wote kwa pamoja. Nikafumbua jicho moja kama zamani. Hakukuwa tena na wa kushindana naye, lakini shemasi alikuwa akipaza sauti kuliko wote, na nilimsikia vizuri kabisa.

"Bwana, ya muchele nitakuambia kesho. Leo rudisha muchanga ya ule mama."

Nikaitika Amina kabla hajamaliza.